Vimeng'enya vinavyokata protini: kuanzia utomvu wa papai hadi saratani

Mchoma nyama wa Arusha anajua namna ya kumlainisha mbuzi mzee. Anakwangua papai bichi na kupaka utomvu wake mweupe juu ya nyama, au anaifunga nyama kwenye majani ya mpapai saa moja au mbili kabla ya kuipeleka jikoni. Papai lililoiva halifai, utomvu umeshapungua. Utomvu uliochemshwa nao haufanyi kitu. Na nyama ikisahaulika hadi kesho yake, juu inamomonyoka kama uji huku ndani bado ngumu. Kinachofanya kazi hiyo ni papaini, kimeng'enya kinachokata minyororo ya protini. Kinapenda joto la nyuzi 60 na ushee, ndiyo maana sehemu kubwa ya kulainika hutokea nyama inapoanza kupata moto, kabla haijaiva.

Papaini ina ndugu zake mwilini mwetu. Kathepsini B na kathepsini L, zinazokaa ndani ya lisosomu, yaani vifuko vya seli vya kusagia taka, ni za ukoo uleule, na makali ya kisu chao ni yaleyale: salfa ya asidi amino iitwayo sisteini. Kwa hiyo swali ambalo wanafunzi wa Moshi na Arusha hulipenda, "ni kimeng'enya gani kinacholeta saratani?", limekaa upande. Visu ni vilevile ambavyo kila seli yenye afya inavyo. Cha kuuliza ni kisu kiko wapi, kinakata nini, na nani amekifungua au kukifunga. Makosa mengi ya maabara kwenye eneo hili yanatokana na mtu kupima kwamba kimeng'enya kipo, kisha akaandika kwamba kinafanya kazi.

Tuanze ndani ya seli. Fikiria bwawa dogo la mfongo, mfereji wa kienyeji wa maji, kule Uchagani. Kina cha maji hakitegemei tu kinachoingia, kinategemea pia tundu la kutokea. Protini ndani ya seli ni hivyohivyo: inatengenezwa na inasagwa. Anayepima jeni na RNA (nakala ya jeni ya kutengenezea protini) peke yake anapima mdomo wa mfongo. Tundu la chini hajaliona, na saratani nyingi zimefanya ujanja wao hapohapo.

Seli haikati protini zake hovyo. Inaziwekea alama kwanza. Alama hiyo ni protini ndogo ya asidi amino 76 iitwayo ubikuitini, na kuibandika kunapitia mikono mitatu: E1 inaiwasha kwa nguvu ya ATP, nishati ya seli, E2 inaibeba, E3 inachagua nani abandikwe. Binadamu tuna E1 mbili, E2 zipatazo 40, na E3 zaidi ya 600. Tofauti hiyo ya idadi inaeleza mambo mengi: uchaguzi wote uko kwa E3, na ndiko hitilafu za saratani zinakojaa. Protini ikishabandikwa mnyororo wa ubikuitini, inapelekwa kwenye proteasomu, pipa lenye pete nne, kila pete ina vipande 7, na visu vimefichwa ndani ili visikate kila kinachopita. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobeli ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua mfumo huu wa kuweka alama.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni saratani ya mlango wa kizazi. Protini p53 ndiyo mlinzi anayesimamisha seli yenye DNA iliyoharibika. Katika seli yenye afya inaishi dakika 20 hivi tu, kwa sababu E3 iitwayo MDM2 inaibandika alama muda wote. DNA ikiharibika, MDM2 inaachia na p53 inapanda. Virusi vya HPV aina ya 16 na 18, vinavyoleta sehemu kubwa ya saratani hii, havihangaiki kuharibu jeni ya p53. Protini yao E6 inamshika mkono E3 mwingine wa seli yenyewe, aitwaye E6AP, na kumpeleka kwa p53, ingawa kwa kawaida E6AP hana habari na p53. Mlinzi anabandikwa alama na kusagwa na mashine ya nyumbani kwake. Aina za HPV zinazoleta masundosundo tu, kama 6 na 11, zina E6 pia, lakini haiwezi ujanja huu kwa kiwango hicho. Protini nyingine ya virusi, E7, inamalizana na mlinzi wa pili, Rb.

Kwa mtu wa patholojia hili lina matokeo ya moja kwa moja kwenye slaidi, kipande chembamba cha uvimbe kilichopakwa rangi ya kuonyesha protini. Rangi ya kahawia iliyokolea ya p53 kwenye karibu kila kiini cha seli haina maana kwamba mlinzi yuko imara. Mara nyingi ina maana kwamba jeni ya p53 imebadilika: protini mbovu haiwezi kuamsha MDM2, basi haisagwi, inalundikana. Saratani iliyoletwa na HPV huwa kinyume chake, p53 hafifu au ya madoadoa, na protini nyingine, p16, iliyokolea mfululizo kwa sababu Rb ameondolewa. Ukisoma p53 kama kipimo cha "nyingi ni nzuri", umesoma slaidi kichwa chini. Na dada zetu wasisubiri slaidi. Kipimo cha siki, asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5 kwa dakika moja, kinaonyesha madoa meupe wakati bado yanatibika. Mpango wa mfano wa chanjo ya HPV ulianza mkoani Kilimanjaro mwaka 2014 kabla ya chanjo kuenea nchi nzima Aprili 2018.

Limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza kutoka hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, ni mfano mzuri zaidi wa bwawa. Ni uvimbe wa taya na tumbo kwa watoto wa maeneo ya joto na malaria, na Burkitt mwenyewe aliona kwamba unapungua kadiri unavyopanda miinuko yenye baridi. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC, inayohimiza seli kugawanyika, kinahamia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili, ambazo seli B, chembe ya damu inayotengeneza kingamwili, inaziendesha kwa kasi kubwa. Hapo mdomo wa mfongo umeachiwa wazi. Lakini sehemu kubwa ya uvimbe huu ina kasoro ya pili. MYC huishi dakika 20 hadi 30, na hati yake ya kifo imeandikwa kwenye asidi amino ya 58, threonini: ikiwekewa fosfeti, E3 iitwayo FBXW7 inaitambua na kuibandika alama. Threonini 58 ni mahali ambapo MYC ya Burkitt hubadilika mara kwa mara. Ikibadilika, FBXW7 inapita bila kuiona. Maji yanaingia kwa kasi, na tundu limezibwa.

Kulithibitisha hili maabara si kazi ngumu, ila lina mitego. Unasimamisha utengenezaji wa protini kwa saikloheksimaidi, mikrogramu 50 hadi 100 kwa mililita, kisha unavuna seli dakika ya 0, 15, 30, 60 na 120 na kuangalia protini inavyofifia. Sahani ya pili unaitia pia MG132, mikromola 10, inayofunga proteasomu. Ikiwa protini haififii tena, proteasomu ndiyo iliyokuwa inaila. Mtego wa kwanza: MG132 inazuia pia kathepsini na kalpaini, kisu kingine cha seli, kwa hiyo rudia kwa vizuizi vingine vya proteasomu, bortezomibu au epoksomisini, kabla ya kuandika neno "proteasomu" kwenye ripoti. Wa pili: kuweka vipimo vya dakika 0 na saa 4 tu kwa protini inayoishi dakika 20. Hapo hujapima kasi, umepima kaburi. Wa tatu ndio unaowaumiza wengi. Ukitafuta ubikuitini iliyobandikwa, seli ikishapasuliwa kuna vimeng'enya karibu 100 vya kubandua alama, vinaendelea kufanya kazi ndani ya kichupa chako. Weka N-ethilmaleimaidi, inayovizima, milimola 10 kwenye bafa ya kupasulia, iliyoyeyushwa siku hiyohiyo, na usiichanganye na DTT wala merkaptoethanoli kwa sababu zinaiua. Bila hiyo, ule moshi mrefu unaoutarajia juu ya jeli ya kutenganishia protini hutauona, na utadhani protini haikubandikwa kitu.

Sasa tutoke nje ya seli, maana huko ndiko saratani inakosambaa. Seli ya saratani iliyoko kwenye titi au utumbo imefungiwa na utando mwembamba wa kolajeni namba IV. Ili itoke lazima utando ukatwe, na wakataji wakuu ni metaloproteinasi za matriksi, MMP, visu vyenye zinki kwenye makali. Binadamu tunazo 23. Huzaliwa zimefungwa: mkia wao wenyewe una sisteini inayokaa juu ya zinki kama ala juu ya panga. Mkia ukikatwa, panga linatoka. Walinzi wao ni protini za kuzizuia, TIMP 1 hadi 4.

Watu hupenda kusema MMP inakata na TIMP inazuia, mambo kwisha. Si hivyo. MMP-2 inafunguliwa na MMP-14 iliyochomekwa kwenye ngozi ya seli, na ili MMP-14 iikamate MMP-2 inahitaji TIMP-2 katikati kama mshikaji. TIMP-2 kidogo inachochea, TIMP-2 nyingi inazuia. Tena, MMP nyingi zilizoko kwenye uvimbe hazitoki kwenye seli za saratani. Zinatoka kwa majirani: faibroblasti za tishu unganishi, na chembe nyeupe za damu, makrofaji na nyutrofili. Uvimbe unaajiri vibarua. Ukipima seli za saratani zilizokuzwa peke yake kwenye chupa unaweza kupata jibu safi ambalo halifanani na mgonjwa.

Kipimo cha bei nafuu, ambacho maabara yenye vifaa vya kawaida vya jeli inakimudu, ni zaimografia ya jelatini. Unatengeneza jeli ya akrilamaidi ya asilimia 10 iliyochanganywa na jelatini miligramu 1 kwa mililita. Sampuli, mikrogramu 10 hadi 20 za protini, inawekwa na bafa yenye SDS, sabuni inayokunjua protini, lakini isiyo na merkaptoethanoli, na haichemshwi. Mkono uliozoea jeli za kawaida utaipeleka kwenye maji ya moto bila kufikiri. Bandika karatasi ya onyo juu ya beseni la maji hayo. Jeli ikimaliza kukimbia, ioshe kwa Triton X-100 ya asilimia 2.5, mara mbili, nusu saa kila mara, ili SDS itoke na vimeng'enya vijikunje upya. Kisha iloweke kwenye Tris milimola 50 ya pH 7.5, chumvi milimola 200, kloridi ya kalsiamu milimola 5 na kloridi ya zinki mikromola 1, nyuzi 37, saa 18. Paka rangi ya Coomassie, osha. Jeli yote inakuwa bluu isipokuwa pale jelatini ilipoliwa: madirisha meupe, MMP-9 iliyofungwa kwenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 92, MMP-2 iliyofungwa kwenye 72, na zilizofunguliwa chini kidogo ya kila moja. Nusu ya pili ya jeli iloweke kwenye bafa hiyohiyo yenye EDTA, inayonyakua kalsiamu na zinki, milimola 20. Madirisha yakibaki hata huko, kinachokula si MMP.

Yanayoharibika ni haya. Asubuhi ya Julai mjini Arusha chumba kinaweza kuwa na baridi kiasi kwamba jelatini ya akiba inaganda kabla hujaimimina, na jeli inatoka na michirizi. Loweka jelatini kwenye maji baridi kwanza, ipashe hadi nyuzi 60, usiichemshe, na ihifadhi kwenye maji ya uvuguvugu hadi dakika ya kumimina. Umeme ukikatika usiku, inkubeta inashuka hadi joto la chumba na madirisha yanafifia. Hasara si jeli moja tu, ni kwamba huwezi tena kuilinganisha na ya wiki iliyopita. Weka kipimajoto kinachoandika joto la juu na la chini, na sampuli moja ya kulinganishia kwenye kila jeli. Seramu ya ndama unayokuzia seli ina MMP zake tele, kwa hiyo osha seli mara mbili, ziachie maji ya kukuzia yasiyo na seramu saa 24, na tenga mstari mmoja wa jeli kwa maji matupu ya kukuzia.

Damu ndiyo inayodanganya zaidi. Ukichukua kwenye chupa ya kifuniko chekundu na kuiacha igande, nyutrofili na chembe sahani zinamwaga MMP-9 wakati wa kuganda, nawe utampa mgonjwa kiwango ambacho hakikuwa mwilini mwake. Tumia chupa ya sitreti, kifuniko cha bluu, na izungushe kwenye mashine ya kutenganisha damu ndani ya saa moja. Kifuniko cha zambarau kina EDTA, mwizi wa kalsiamu na zinki, kiepuke kwa kazi hii. Sampuli inayotoka Rombo au Karatu isisafiri ikiwa damu nzima. Itenganishwe hukohuko, plasma igawanywe kwenye vichupa vidogo, igandishwe, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.

Hata jeli ikitoka safi, isome kwa akili. SDS yenyewe inaisukuma ile ala kutoka kwenye zinki, kwa hiyo MMP-9 iliyokuwa imefungwa kabisa mwilini inakata jelatini kwenye jeli yako. Na TIMP iliyokuwa imeishikilia imeshaachanishwa nayo njiani. Dirisha jeupe kwenye 92 linakwambia kimeng'enya kilikuwepo. Halikwambii kilikuwa kinakata.

Dawa nazo zilijikwaa hapohapo. Marimastati na wenzake wa miaka ya 1990 zilitengenezwa kushika zinki ya MMP kwa jumla, zikapewa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa tayari imesambaa. Hazikurefusha maisha kama ilivyotarajiwa, na wagonjwa wakapata maumivu makali ya mabega na viungo vya mikono. Baadaye ilionekana kwamba MMP nyingine, kama MMP-8, zinasaidia kuzuia uvimbe. Aliyefunga mapanga yote alifunga na ya walinzi.

PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, niitaje kwa haraka, kwa kuwa wazee wengi wa Kilimanjaro wameshapimwa bila kuambiwa kwamba nayo ni kimeng'enya cha kukata protini. Kazi yake ni kuyeyusha shahawa zilizoganda. Kupanda kwake kwenye damu ni dalili ya kuvuja kutoka kwenye tezi dume, na uvujaji huo unaweza kuletwa na maambukizi, mpira wa mkojo uliowekwa karibuni, au kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla. Mzee anayetumia finasteridi, dawa ya tezi dume iliyokua, ana PSA iliyopunguzwa kama nusu. Asipomwambia daktari, namba yake itaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Mahali ambapo kufunga kisu kumefanikiwa ni kwenye proteasomu. Seli za mieloma, saratani ya uboho, zinatengeneza kingamwili usiku na mchana na zinazalisha takataka nyingi za protini zilizokunjika vibaya. Ukizuia pipa la taka, zinakufa kabla ya seli za kawaida. Bortezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ina chembe ya boroni inayokamata threonini ya kisu kimojawapo ndani ya pipa. Dozi ni miligramu 1.3 kwa mita ya mraba ya eneo la mwili, siku ya 1, 4, 8 na 11 ya mzunguko wa siku 21.

Muuguzi anayechanganya asimame hapa kidogo. Kichupa cha miligramu 3.5 kinachanganywa kwa njia mbili: mililita 3.5 za maji ya chumvi kwa sindano ya mshipani, inayotoa miligramu 1 kwa mililita. Au mililita 1.4 kwa sindano ya chini ya ngozi, inayotoa 2.5. Mtu mwenye mita za mraba 1.6 anahitaji miligramu 2.08, yaani mililita 0.83 za mchanganyiko wa chini ya ngozi. Ukivuta ujazo wa mshipani kutoka kwenye mchanganyiko wa ngozi, umezidisha dozi mara 2.5. Bahati ni kwamba kichupa kimoja kitaisha kabla ya mililita 2.08, kikiisha, usifungue cha pili, rudi kwenye hesabu. Andika kiwango kwenye bomba la sindano, si kwenye sanduku tu. Kamwe dawa hii isiingizwe kwenye uti wa mgongo, inaua. Chini ya ngozi inapunguza ganzi ya miguu ikilinganishwa na mshipani. Mgonjwa anayesema nyayo zinawaka au viatu "vimekuwa kama vya sufi" asiambiwe avumilie. Dozi inapunguzwa au inaahirishwa kabla neva hazijaharibika. Asiklovia hutolewa sambamba ili kuzuia mkanda wa jeshi.

Talidomidi na lenalidomidi zinafanya kinyume: hazizuii usagaji, zinauelekeza. Zinabandika E3 iitwayo serebloni kwenye protini Ikaros na Aiolos, ambazo mieloma inazitegemea, na zinasagwa. Mkono huohuo unasaga SALL4 kwenye kijusi, ndiyo chanzo cha watoto kuzaliwa bila mikono miaka ya 1950 na 1960. Dawa hizi haziguswi na mjamzito, na mgonjwa hagawani vidonge na mtu.

Kuhusu vidonge vya papaini na juisi ya majani ya mpapai vinavyouzwa kwa maneno ya "kuyeyusha uvimbe": papaini iliyomezwa inakutana na asidi ya tumbo na visu vya kongosho, nayo inakatwa kama protini nyingine. Kidogo kinachoweza kupenya kinakutana kwenye damu na alfa-2-makroglobulini, mtego wa protini unaofunga visu vya kigeni. Hakuna njia ya papaini kufika kwenye uvimbe wa ini na kuuchagua. Fedha hiyo ilipe nauli ya kliniki.

Chai ya kijani ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa anayechomwa bortezomibu, kwa sababu inaonekana haina madhara. Kikemikali chake kikuu, EGCG, kinashikana na boroni ya dawa na kuizima kabla haijafika kwenye proteasomu. Majaribio ya maabara na panya yalionyesha hivyo mwaka 2009. Vidonge vya chai ya kijani ni vibaya kuliko kikombe, maana vina EGCG nyingi zaidi. Vidonge vya vitamini C vya dozi kubwa navyo visimezwe siku za sindano. Chai ya rangi ya kawaida ina EGCG kidogo sana. Mgonjwa aje na chupa zote anazotumia nyumbani, za dukani na za mitishamba, aziweke mezani kwa muuguzi kabla ya kunyoosha mkono.